Ngamia Aliyeishiwa na Nundu: Kisa cha Surra Ufuoni mwa Mombasa

Simu ilikuja mwisho wa Agosti, wakati ufuo wa Pirates umejaa watoto wa likizo na hakuna mwenye ngamia anayetaka mnyama wake apumzike hata saa moja. Aliyepiga ni mzee mmoja mwenye ngamia wa kupandisha watu kati ya Pirates na Bamburi. Hakunisalimia kwa kirefu, na hilo peke yake lilinishtua. "Daktari, yule kijana amenifia jana. Na jike mkubwa nundu yaisha. Njoo."

"Kijana" alikuwa ngamia dume wa miaka minne. Nilipofika Mtopanga, kwenye kiwanja cha minazi wanakolala, walikuwa wamebaki watano. Maiti ilikuwa imeshazikwa, kwa hiyo sikupata cha kupasua wala cha kuchukua kipimo. Yote ninayojua juu ya kifo kile nimeyatoa kwenye vinywa vya watu na kwenye chupa tupu iliyotupwa kando ya ukuta.

Kwanza habari za jike, maana ndiye aliyekuwa mgonjwa wa siku nyingi. Alikuwa na umri wa miaka 9 hivi, alinunuliwa miaka miwili nyuma kutoka kaskazini, akaletwa kwa lori. Tangu Juni alikuwa akipungua. "Yuwala, daktari, lakini hanenepi," alisema mchunga wake, na akarudia maneno hayo mara tatu kana kwamba nilikuwa nimemshtaki kwa kumnyima chakula. Alishapewa dawa ya minyoo mara mbili. Alishapigwa oksi, dawa ya kuua bakteria, siku tano. Alishapewa vitamini. Kila dawa ilimfanya achangamke siku mbili tatu, au ndivyo walivyotaka kuona, kisha akarudi vile vile.

Yule kijana alipoanza naye kuzubaa, mwenye agroveti aliwauzia unga wa manjano wa kuchanganya na maji, dawa ya nagana, yaani malale ya mifugo, inayotumika sana kwa ng'ombe, iitwayo diminazini. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri na nimeitumia maisha yangu yote ya kazi. Kwa ngamia, nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kinachoua ni finyu mno. Walimkadiria uzito kwa macho, wakampiga sindano jioni, na asubuhi wakampiga nyingine "kuongezea nguvu". Kufikia adhuhuri alikuwa akitokwa mate, ngozi ikimcheza, akikojoa kila dakika, kisha degedege. Alikufa kabla ya magharibi. Hizo ndizo dalili zilizoandikwa na watafiti waliowapa ngamia dawa hiyo kupita kiasi kule Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siwezi kuapa kwamba sindano ndiyo iliyoua, lakini kama ningelazimishwa kuweka dau, ningeliweka hapo.

Niliyekosea baada ya hapo ni mimi.

Nilimpima jike joto saa saba mchana, akiwa ametoka ufuoni, hajanywa maji tangu alfajiri. Kipimo kilisoma 39.9. Nikaandika "homa". Mtu yeyote aliyesoma juu ya mnyama huyu angenicheka. Ngamia hatokwi jasho ovyo kama farasi. Akikosa maji huliacha joto la mwili lipande mchana na kulitema usiku. Knut Schmidt-Nielsen, aliyewapima ngamia jangwani Sahara miaka ya 1950, alikuta kwamba ngamia mwenye kiu anaweza kuanza siku na joto la 34 na kuimaliza akiwa amepita 40, bila ugonjwa wowote. Kipimo changu cha saa saba hakikuwa kimesema kitu. Nilikiandika hata hivyo, kwa wino.

Kisha nikachukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio, nikalipaka kwenye kioo, nikalitia rangi, nikakaa na hadubini zaidi ya nusu saa. Seli nyekundu za ngamia zina umbo la yai, si duara kama zetu, na ukizitazama muda mrefu macho huanza kukuchezea. Nilitafuta tripanosoma, vimelea vya damu vya jamii ya malale. Sikuona hata mmoja. Ngozi ya ndani ya macho yake ilikuwa nyeupe, kweli, lakini mnyama aliyebeba watu msimu mzima huku akilishwa pumba na majani ya kuokoteza anaweza kupaukiwa na damu kwa sababu nyingine. Nikamwambia mzee: kazi nyingi, chakula duni, mpe chumvi na umpumzishe. Nikalipwa nusu ya ada, nikaondoka.

Wiki mbili baadaye nundu ilikuwa imelala upande kama mto uliotolewa sufi. Chini ya kifua na kwenye miguu ya mbele kulikuwa na uvimbe laini, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Siku hiyo nilimkuta mgeni kiwanjani, ami yake mke wa mwenye ngamia, mzee wa Kisomali aliyeshuka kutoka Garissa kwa shughuli zake. Alikuwa amekaa juu ya ndoo akinywa chai. Alinisikiliza nikijieleza, kisha akainuka, akaenda nyuma ya jike, akashika zile nywele za mkia zilizokaukiwa na mkojo, akazisugua kwa vidole na kuzinusa. Akarudi kwenye ndoo yake.

"Mwanangu, huyu ana dhukaan."

Nilimwitikia kwa heshima, moyoni nikicheka. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nikicheka jambo lililokwishaandikwa kwenye jarida la tiba ya mifugo mwaka 1986: harufu ya mkojo wa ngamia mwenye surra, ambayo Wasomali huiita dhukaan. Wafugaji wa ngamia wa pembe hii ya Afrika wamekuwa wakiutambua ugonjwa huu kwa pua tangu kabla ya hadubini kuingia nchini. Nilinusa na mimi. Ilikuwapo harufu, nzito na tamu kidogo, lakini sikuwa na cha kuilinganisha nayo. Pua ya mzee yule imenusa mikia maelfu, yangu ndiyo kwanza inaanza.

Surra husababishwa na kimelea kiitwacho Tripanosoma evansi. Jina la ugonjwa latokana na neno la Kihindi lenye maana ya kuoza. Jina la kimelea latokana na Griffith Evans, daktari wa wanyama kutoka Wales aliyekiona mwaka 1880 katika damu ya farasi na ngamia wa jeshi huko Dera Ismail Khan, katika nchi iitwayo leo Pakistan. Hicho kilikuwa kimelea cha kwanza cha jamii ya malale kujulikana kwamba huleta ugonjwa. Wakubwa wake hawakumsadiki. Walishikilia kwamba vidudu vile vilikuwa vikiogelea tu humo, havina neno. Nilipolisoma hilo tena usiku ule nilijisikia vibaya, maana Evans aliviona akakataliwa, na mimi nilikataa kwa sababu sikuviona.

Na kutokuviona si ajabu. Kimelea hiki huvaa kanzu ya protini. Mwili wa ngamia ukishaitambua kanzu hiyo, hutengeneza kingamwili na kuwaua karibu wote. Wachache waliokwisha kubadili kanzu husalimika, huzaana, na mwili huanza upya kuwasaka, kama askari anayemfukuza mwizi Mji wa Kale huku mwizi akibadili vazi kila kichochoro. Ndiyo maana homa huja na kuondoka, na damu huwa imejaa vimelea leo, keshokutwa ukatafuta usimpate hata mmoja. Ngamia anaweza kuendelea hivi miezi, hata miaka, akila na akikonda. Kioo kimoja cha damu iliyochukuliwa siku moja kinakwambia habari za dakika ile tu.

Safari ya pili nilifanya ilivyopaswa. Kwa siku tatu mfululizo nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya jua na baada ya wanyama kunywa. Joto la jike lilikuwa 39.4 siku ya kwanza, 40.1 siku ya pili, 38.6 siku ya tatu. Alfajiri, akiwa ameshiba maji, 40.1 ni homa. Damu niliichukua sikioni na shingoni, nikaiweka kwenye sanduku la barafu, nikaipeleka maabara Mariakani. Huko walitumia njia aliyoieleza Woo mwaka 1970: damu hutiwa kwenye kimrija chembamba cha kioo, huzungushwa kwa kasi hadi seli nyekundu zikae chini na majimaji juu, kisha hutazamwa ule mpaka mweupe kati yao, ambako vimelea hujikusanya. Ni njia nyepesi, rahisi, na inaona vingi ambavyo kioo cha kawaida hakioni.

Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili, mtaalamu wa maabara aliniita nije nitazame mwenyewe. Pale mpakani palikuwa pakitikisika, kana kwamba kuna kitu kinachemka. Walikuwamo wengi. Na kimrija hicho hicho kilinipa jibu la pili: seli nyekundu zilikuwa asilimia 17 tu ya damu yake, ilhali ngamia mzima hukaa juu ya 25. Ilikuwa siku ile ile ya homa ya 40.1. Siku ya tatu wakawa wamepungua tena, wawili watatu wa kutafutwa.

Wenzake wanne waliobaki tuliwapima kwa njia ya kadi, ambayo hutafuta kingamwili badala ya kimelea chenyewe. Tone la damu huchanganywa na kemikali juu ya kadi nyeupe, na chembe za buluu zikigandana, mnyama amekutana na ugonjwa. Wawili waligandisha, wawili hawakugandisha. Mmoja wa hao wawili wa mwisho alikuwa dume mwekundu ambaye mchunga wake aliapa kwamba nundu yake nayo imeshuka tangu mwezi wa saba.

Hapo nilisimama kidogo. Kadi hiyo imetengenezwa kwa kanzu moja maalumu ya kimelea, ambayo karibu evansi wote huivaa wakati fulani. Karibu wote, si wote. Mwaka 2005 watafiti wa Kenya wakiongozwa na Ngaira walieleza vimelea kutoka kwa ngamia wa Isiolo ambao hawana kabisa jeni ya kanzu hiyo. Ngamia mwenye aina hiyo anaweza kuipita kadi salama huku damu yake imejaa. Na ngamia wa ufuoni kwetu hawakuzaliwa Mombasa. Hutoka huko huko kaskazini, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4. Nikaamua dume mwekundu ahesabiwe mgonjwa.

(Damu ya mnyama huyu ina maajabu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Brussels, wanafunzi walipewa majimaji ya damu ya ngamia yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa ajili ya utafiti wa malale, wakakuta kingamwili ndogo za umbo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kundi la Raymond Hamers lilitangaza ugunduzi huo mwaka 1993, na leo kuna dawa za binadamu zilizotokana nao. Nilimsimulia mchunga. Akaniuliza kama wanafunzi wale walimlipa mwenye ngamia.)

Mwenzangu mmoja aliniuliza swali la haki: umejuaje kwamba ni surra na si nagana? Kwa hadubini huwezi kumtenga evansi na ndugu yake brucei, mmoja wa vimelea vya nagana. Na lori linaloleta ngamia kutoka Garissa hushuka pwani kupitia maeneo yenye mbung'o. Mbung'o wapo Shimba Hills, wapo msitu wa Arabuko-Sokoke. Jibu langu ni la mkusanyiko wa mambo. Jike alikuwa Mtopanga miaka miwili, na hakuna mbung'o Mtopanga wala Pirates. Dume mwekundu alinunuliwa Februari akiwa mnene. Wote wamelala pamoja, wakala pamoja. Ugonjwa uliopita kati yao hapa mjini umepitia kwa kitu kinachoishi hapa mjini.

Evansi ni mzao wa brucei aliyepoteza sehemu ya jeni zinazohitajika ili kukua ndani ya mbung'o. Hasara hiyo ndiyo iliyomfungulia dunia, akasafiri na ngamia na farasi hadi Asia na Amerika Kusini, kusiko na mbung'o. Mchukuzi wake ni nzi yeyote aumaye. Pange akimuuma ngamia, maumivu ni makali, ngamia hutikisa ngozi, pange huruka kabla hajashiba, na kwa kuwa bado ana njaa hutua kwa jirani. Damu iliyobaki mdomoni mwake ndiyo yenye vimelea, nao hawaishi humo muda mrefu. Kwa hiyo ngamia wawili waliofungwa bega kwa bega chini ya mnazi mmoja ndio mpango mzuri kuliko yote kwa kimelea huyu.

Nyuma ya kiwanja kile kuna zizi la ng'ombe wanne wa maziwa. Nyasi zilizooza, zikachanganyika na mavi na mkojo, zilikuwa zimerundikwa ukutani, na nzi wa mazizi walikuwa wamejaa kwenye miguu ya ngamia hadi magotini. Nilikwenda pia ufuoni. Wakati wa kusi bahari hutupa marundo ya majani yake pwani, yakaoza hapo majuma mazima. Huko Florida, Marekani, imejulikana miaka mingi kwamba nzi hao hao huzaliana ndani ya marundo kama hayo. Nilipekua rundo moja karibu na wanaposimama ngamia, nikakuta mabuu. Kuyaondoa yote ni kazi isiyo na mwisho, na yenyewe hulinda mchanga usichukuliwe na mawimbi, kwa hiyo sikushauri hivyo. Nilishauri ngamia wasisubiri wateja karibu nayo. Jirani wa ng'ombe alikubali kuhamisha samadi kila Ijumaa. Amehamisha Ijumaa nyingi, si zote.

Dawa niliyoitaka ni melarsomini, iliyotengenezwa mahsusi kwa surra ya ngamia na kujaribiwa pia kwa ngamia wa Kenya. Ilichukua siku tisa kupatikana. Ina aseniki ndani yake, haitaki mchezo, na kipimo chake ni miligramu 0.25 kwa kilo. Sasa uzito. Nilimuuliza mzee jike ana kilo ngapi. "Mia sita," alisema bila kufikiri. Mchunga akasema mia tano. Tukachukua utepe wa fundi cherehani. Kwa ngamia hupima kimo cha bega, mzingo wa kifua, na mzingo wa tumbo ukipita juu ya nundu, vyote kwa mita, ukazidisha pamoja, kisha mara 50. Tulipata 1.85, 1.95 na 2.15, yaani kilo 388. Mililita 19 na nusu hivi za dawa. Kwa hesabu ya mzee zingekuwa 30. Nilimwona akitazama pale alipozikwa yule kijana, na sikusema kitu.

Tuliwadunga wote watano asubuhi moja, pamoja na yule mmoja aliyeonekana mzima kabisa. Najua wapo watakaosema kutibu asiye na ushahidi ni kulea usugu wa dawa, na hoja hiyo si ya kupuuzwa: kwinapiramini, dawa nyingine ya vimelea hawa, iliondolewa sokoni miaka ya 1970 kwa sababu hiyo, ikarudishwa miaka ya 1980 kwa ajili ya ngamia. Lakini kundi la watano wanaolala pamoja katikati ya nzi ni mgonjwa mmoja mwenye miguu 20. Ningebakiza mmoja tu na kimelea, mwezi wa kumi ningekuwa nimerudi pale pale.

Swali lililomnyima mzee usingizi halikuwa la dawa. "Na wale watoto wanaowapanda?" Nilimjibu kwamba damu ya binadamu ina protini inayowaua evansi. Mwaka 2004, huko Maharashtra, India, mfugaji mmoja aliugua, na uchunguzi ukaonyesha kwamba alizaliwa bila protini hiyo. Visa vya watu ni vya kuhesabu kwa vidole dunia nzima, na hakuna anayeambukizwa kwa kukaa juu ya tandiko. Mwenye kuhitaji tahadhari ni mimi na sindano zangu, na mchinjaji mwenye jeraha mkononi. Akashusha pumzi. Kisha akaniuliza kama anaweza kuwarudisha kazini Jumamosi. Nikamwambia Novemba.

Alimrudisha mmoja Oktoba. Sikumlaumu sana, kodi ya kiwanja ni ya kila mwezi.

Siku mbili baada ya sindano vimrija vyote vilikuwa tulivu, na baada ya mwezi vikawa bado tulivu. Seli za jike zilifika asilimia 22, na kufikia Desemba asilimia 28. Kadi inaendelea kugandisha, na itaendelea kwa miezi, kwa kuwa kingamwili hubaki baada ya adui kuondoka. Nimemwandikia mzee hilo kwenye karatasi ili asije akauziwa dawa nyingine kwa ushahidi huo. Uvimbe wa kifua umekwisha. Nundu imeinuka, ingawa ncha yake bado imepinda upande wa kushoto, na mchunga anasema itabaki hivyo.

Wapo ngamia wengine sita wanaosimama ufuo ule ule, wa mwenyewe mwingine, mita chache kutoka kwa hawa. Hawajapimwa. Mwenyewe amenijibu mara mbili kwamba wake ni wazima, nundu zimesimama. Nimemwambia nitapita Jumanne, alfajiri, na simtozi kitu. Ami wa Garissa amesema kama bado yuko mjini atanisindikiza.